Mama mwenye presha na sukari anapungua mwili: tumlishe nini?

Binti wa Langoni (Lamu) anauliza:

Assalam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu mama yangu mzazi, ambaye ana umri wa miaka 74 na anaishi nasi hapa Langoni. Presha amekuwa nayo kwa miaka mingi, na sukari iligunduliwa baadaye, akaanzishiwa vidonge vya metformini na glibenklamidi, pamoja na nifedipini kwa ajili ya presha. Tulipoambiwa kliniki kwamba sukari yake iko juu, wakubwa wa familia walikaa kikao na kuamua kwamba kila kinachosemekana kumdhuru kiondolewe katika chakula chake, yaani wali, nazi, mahamri, tende, maembe, na hata samaki wa kupaka, ambaye mama alikuwa akimpenda kuliko kitoweo kingine chochote.

Kwa sasa asubuhi hunywa chai ya rangi isiyotiwa sukari kwa slesi mbili za mkate, mchana hula ugali kidogo kwa mchicha, na usiku mara nyingi husema hana hamu, akanywa chai nyingine na kulala. Sukari kweli imeshuka. Lakini uzito nao umeshuka, kutoka kilo 58 hadi 51 kwa muda usiotimia mwaka, nguo zinampwaya, na ngazi za nyumba yetu, ambazo wenyeji mnajua zilivyo za wima katika nyumba za mawe, hawezi tena kuzipanda bila kushikwa mkono. Siku nyingine, kabla ya adhuhuri, hutetemeka na kutoka jasho jembamba, maneno yake yakawa hayaungani, kisha akipewa uji hurudi katika hali yake. Jirani mmoja ametushauri tuongeze unga wa mlonge ili sukari ishuke zaidi na vidonge viachwe.

Nyumbani wengi wanasema huo ni uzee tu. Mimi moyo wangu haukubali. Je, ni uzee? Na tumlishe nini ili nguvu zimrudie bila presha na sukari kupanda?

Muuguzi Mstaafu anajibu:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kutokukubali haraka neno la uzee, kwa sababu katika maelezo yako kuna jambo la kushughulikiwa wiki hii, kabla hatujazungumzia mapishi.

Kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, kisha kupata nafuu baada ya uji, ni dalili za sukari kushuka kupita kiasi. Glibenklamidi hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala, na nguvu yake hudumu kwa saa nyingi, zaidi kwa mtu mzima ambaye figo zake hazisafishi dawa kwa kasi ya ujanani. Kipimo cha vidonge vyake kilipangwa alipokuwa akila wali na samaki. Chakula kikapunguzwa kwa zaidi ya nusu, vidonge vikabaki vile vile, na hakuna aliyemweleza daktari, kwa hiyo dawa inasukuma chini sukari ambayo haipo. Ndiyo sababu katika nchi nyingi madaktari hujiepusha kuwapa wazee dawa hiyo, wakachagua nyingine zisizoshusha sukari kwa ghafla.

Hali hiyo ikimjia tena, mpimeni kidoleni papo hapo. Ikiwa kipimo ni chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L), au ikiwa hamna mashine na dalili ni hizo hizo, mkorogeeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, anywe, mngoje dakika 15, mpime tena, kisha mpeni chakula hasa. Akiwa hawezi kumeza au amezimia, msimtie kitu chochote kinywani, bali mkimbizeni hospitali. Wala msiache vidonge kwa uamuzi wenu, na huo mlonge usiingie hapo kabisa, kwa kuwa mnataka kuongeza kitu cha kushusha kwa mtu ambaye tayari anashuka. Nendeni kliniki ya sukari, iwe pale hospitali ya King Fahd au kokote anakohudhuria, na vidonge vyote mkononi, mkaeleze kwa ukweli kile anachokula tangu asubuhi hadi usiku, kwa maana daktari hupanga dawa kwa kufuata chakula anachoambiwa.

Sasa nije kwenye uzito. Mzee anapopoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, sisi wauguzi hatuliiti jambo hilo mafanikio ya kisukari. Kwa mama, asilimia 5 ni kilo tatu hivi, naye amepoteza saba. Lazima daktari atafute sababu, kwani pamoja na njaa panaweza kuwa na tatizo la tezi ya shingo, kifua kikuu, sonono, meno mabovu au ugonjwa mwingine uliojificha. Lakini hata pasipopatikana lingine, chakula ulichokitaja kinatosha kueleza mengi.

Misuli ya binadamu huanza kupungua polepole katika umri wa makamo, na baada ya miaka 60 upungufu huo huongeza kasi. Mzee anapokula kidogo, mwili hauchomi mafuta peke yake, bali huchukua pia nyama ya mapaja na makalio, na hiyo ndiyo inayomwinua mtu kitini na kumpandisha ngazi. Na kwa mgonjwa wa sukari hasara hiyo ni maradufu, kwa kuwa misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya kula. Kumkondesha bibi wa miaka 74 ili sukari ishuke ni kumwondolea kiungo kinachomsaidia kuitumia sukari hiyo. Naomba uwasomee wakubwa wa nyumbani maneno haya, kwa heshima lakini bila kuyapunguza.

Anachokosa zaidi ni protini. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ila pale figo zinapokuwa na ugonjwa mkubwa, ambapo daktari ndiye anayepanga. Kwa kilo 51 hizo ni takriban gramu 50 hadi 60. Kipande cha samaki aliyepikwa chenye ukubwa wa kiganja kina zaidi ya gramu 20, bakuli dogo la kunde, mbaazi au pojo zilizoiva lina karibu 14, gilasi ya maziwa au mtindi ina 8, na yai moja 6. Hesabu hiyo inatimia kwa vyakula vya pwani vile vile, bila unga wa kopo wa bei kubwa. Ila visirundikwe vyote katika mlo mmoja, kwa sababu mwili wa mzee hujenga misuli vizuri zaidi pale protini inapogawanywa asubuhi, mchana na usiku. Chai na slesi haina hata robo ya haja yake.

Kuhusu wali, hapana dawa iliyokataza mtu asile wali maisha yake yote. Linaloangaliwa ni kiasi na kinachoandamana nao. Robo ya sahani iwe wali au ugali wa mtama, robo iwe samaki au kunde, na nusu iliyobaki iwe mboga, aanze kwa mboga na samaki kabla ya wali, na sukari haitapanda kama inavyopanda anapokula wali mtupu. Embe nusu baada ya chakula au tende moja mbili zinaweza kuhesabiwa ndani ya mpango. Sharubati ndiyo ningeiondoa bila kusita, kwani sukari ya matunda manne hunywewa kwa dakika moja, na nyuzinyuzi zake zimeachwa katika chujio.

Ulizeni pia lengo la sukari yake. Kwa mzee mwenye afya nzuri, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) huwekewa lengo la asilimia 7 hadi 7.5, na kwa aliyedhoofika daktari huridhika hata na 8, kwa kuwa kuanguka ngazini kwa sababu ya sukari ya chini kunaweza kuleta madhara siku hiyo hiyo, ilhali madhara ya sukari iliyozidi kidogo hujikusanya kwa miaka. Mwombeni ampime presha akiwa amekaa, kisha tena baada ya kusimama, kwa sababu wapo wazee ambao presha yao huporomoka wanapoinuka, hasa wanapokunywa maji machache. Hisia ya kiu hupungua uzeeni, kwa hiyo msingoje aombe maji. Na kwa kuwa metformini ikitumiwa kwa miaka hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi miguuni, usahaulifu na damu kupungua, kipimo chake kina maana kubwa kwake.

Mpishi wa Shela anajibu:

Dada yangu, bibi muuguzi amemaliza ya dawa, nami naomba niseme ya jikoni, kwa sababu nimewapikia wazee wenye maradhi hayo na najua kwamba chakula kisicho na ladha ndicho kinachomfanya mzee aseme ameshiba kabla hajala.

Samaki wa kupaka mrudishieni mama. Kasoro yake iko katika tui zito na chumvi, wala haiko katika samaki. Mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha lehemu mbaya, hivyo haifai nazi nzima ikamuliwe kwa sahani moja kila siku. Kamueni tui la kwanza muliweke kwa ajili ya wengine, mtie maji ya vuguvugu katika machicha, mkamue tena kwa kifumbu, na tui hilo la pili mlipike kwa ukwaju, kitunguu thomu, tangawizi, bizari na pilipili mpaka lishike, kisha mumpake samaki aliyechomwa juu ya makaa. Vijiko vichache vya tui zito juu yake mwishoni vitaleta harufu ileile. Changu, tafi na kolekole wote wanafaa, na vibua ni bora zaidi kwa moyo kwa sababu ya mafuta yao, tena bei yao ni nafuu.

Chumvi ndiyo adui hasa wa presha, na Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika mkate, achari na vidonge vya kutilia mchuzi. Wengi hutia chumvi ndogo sufuriani, kisha hutia vidonge viwili vya mchuzi, na hivyo ni chumvi tupu. Ng'onda na papa mkavu ni wa kuonja kwa nadra, na akila, samaki huyo alowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe. Ndimu iliyokamuliwa sahanini wakati wa kula huufanya ulimi uhisi ukali unaofanana na wa chumvi, na kwa wazee ambao ladha imefifia hili husaidia sana. Msipunguze chumvi yote kwa siku moja. Punguzeni kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na ulimi utazoea.

Mtazameni mama anapotafuna. Ikiwa anasukuma nyama upande wa shavu au anaiacha pembeni mwa sahani, tatizo ni meno, na hapo mbaazi zilizopondwapondwa, yai lililovurugwa kwa nyanya, samaki aliyechambuliwa miba, na bokoboko la ngano na kuku lisilozidishwa samli humfaa. Uji wa wimbi au mtama upikwe kwa maziwa badala ya maji, na kijiko cha siagi ya njugu kikorogwe ndani, uwe mlo unaojaza mwili. Na mtu akae naye mezani, kwani mzee anayeletewa sahani chumbani peke yake mara nyingi hula nusu.

Mkaazi wa Malindi anajibu:

Naongeza machache kutokana na kumlea baba yangu, ambaye naye ana presha.

Chakula peke yake hakijengi misuli bila kazi. Wazee wanashauriwa kutembea na kufanya kazi za wastani kwa jumla ya dakika 150 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya usawa na nguvu siku tatu. Kwa mama aliyedhoofika, zoezi la kwanza ni kuinuka kitini bila kusukuma kwa mikono, mara tano, apumzike, kisha mara tano nyingine, huku mtu amesimama karibu. Akipata nguvu, atembee ufukoni saa ambazo vichochoro havina msongamano wa punda, kwa kuwa kupishana na punda aliyebebeshwa matofali si jambo la mtu ambaye miguu haijamtii. Ngazini wekeni kamba au ubao wa kushikia, na taa ya usiku.

Jua nalo lisisahauliwe. Mama zetu wengi hukaa ndani na wakitoka hujifunika, hivyo hata hapa pwani wanaweza kupungukiwa na vitamini D, ambayo bila yake mifupa haishiki kalisiamu. Kukaa uani au darini asubuhi mikono ikiwa wazi kwa muda mfupi kunasaidia, na daktari anaweza kuongeza vidonge. Dagaa wanaoliwa na miba yao, maziwa na ufuta vina kalisiamu nyingi.

Mambo mawili madogo ambayo kwetu hayakuwa madogo. Balungi huzuia mwili usiivunje nifedipini, ikajikusanya katika damu na kuishusha presha kuliko ilivyokusudiwa, kwa hiyo mama asile balungi wala asinywe maji yake. Na chai ya rangi iliyokolea inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya mboga na kunde yasifyonzwe, basi ni bora ingojwe saa moja baada ya kula.

Binti wa Langoni anarudi:

Allah awalipe kheri nyote. Tulimpima alipoanza kutetemeka, mashine ikasoma 3.2, tukampa maji ya sukari na akarudi hali yake. Daktari amemwondolea glibenklamidi, amebakiza metformini, na ameagiza vipimo vya figo, B12 na tezi. Jana usiku alikula samaki wa kupaka kwa wali kidogo, akaomba na mchuzi.

Yamebaki mawili. Kaka yangu amenunua chumvi ya dukani iliyoandikwa kwamba ni salama kwa wenye presha, je, tuitumie? Na mama amesema waziwazi kwamba Ramadhani ikifika atafunga, kwa kuwa hajawahi kuacha.

Muuguzi Mstaafu anajibu:

Alhamdulillahi. Chumvi hiyo iwekeni kando mpaka majibu ya figo yapatikane. Nyingi katika aina hizo hubadilisha sehemu ya sodiamu kwa potasiamu, na figo zilizochoka, au baadhi ya dawa za presha, huifanya potasiamu ijikusanye na kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa sababu hiyo hiyo, msiongeze madafu ya kila siku kwa sasa. Na figo zikionekana zimepungua nguvu, msiondoe samaki na kunde kwa hofu. Ulizeni kiasi, kwa kuwa kiwango cha protini cha mgonjwa wa figo hupangwa kwa kuangalia hatua ya ugonjwa, na mama yenu hana kilo za kupoteza.

Kuhusu saumu, nazungumza kwa adabu, kwa sababu najua uzito wake kwa mtu wa umri wake. Mgonjwa wa sukari ambaye katika miezi mitatu kabla ya Ramadhani sukari yake imeshuka hadi akachanganyikiwa huhesabiwa katika kundi la hatari kubwa, na ushauri wa kitabibu ni asifunge. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imewapa ruhusa wagonjwa, na imetaja fidia ya kumlisha maskini kwa ambao saumu ni mzigo usiobebeka. Mpelekeni shehe anayemwamini, akiwa na maneno ya daktari kwa maandishi, maana mama zetu wengi hukubali haraka zaidi wanapoyasikia hayo kwa mwanazuoni kuliko kwa watoto wao.

Iwapo daktari atamruhusu kujaribu baadaye, vidonge vipangwe upya wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Daku iliwe karibu na alfajiri na iwe na kunde, yai au maziwa, na futari ianze kwa tende moja na maji kabla ya kaimati na vyakula vya kukaanga. Apimwe mchana na alasiri, kwani wanazuoni wengi wanasema tone la damu la kidoleni halibatilishi saumu. Sukari ikiwa chini ya 3.9, au ikizidi 16.6, au akianza kutetemeka hata kabla ya kupimwa, afungue wakati huo huo bila kungoja magharibi. Kubalianeni naye juu ya hilo kabla ya siku ya kwanza, mbele ya huyo shehe.